Maswali tisa kwenye foleni ya zahanati: tathmini ya PHQ-9 ya Kiswahili

Bidhaa yenyewe ni ukurasa mmoja wa A4. Maswali tisa, majibu manne kwa kila swali, na chini kabisa swali la kumi lisilo na alama. Inaitwa PHQ-9, na kazi yake ni kumnasa mwenye sonona (depression) kabla hajazunguka mji mzima akitafuta ugonjwa ambao hana. Iliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa fedha za kampuni ya dawa ya Pfizer, na makala ya kuithibitisha ikachapishwa mwaka 2001. Bei yake ni sifuri: kutoa kopi, kutafsiri na kugawa hakuhitaji kibali cha mtu. Kinachokugharimu ni karatasi, kalamu na dakika kama tano kwa mtu anayejisomea mwenyewe. Ukimuuliza kwa mdomo, tenga kumi.

Hukumu itangulie: zahanati ya Dar es Salaam isiyo na chombo chochote cha kupima sonona ianze na hiki. Ila kikisomwa neno kwa neno kama kilivyochapwa, dirishani, foleni nzima ikisikiliza, kitatoa namba nadhifu ya uongo. Tafsiri za Kiswahili zinazozunguka ni zaidi ya moja, na kasoro tunazozitaja hapa utazikuta, kwa kiasi tofauti, kwenye nyingi.

Pengo linalozibwa

Fungua daftari la mgonjwa, lile la shule lenye jina lililoandikwa kwa peni juu ya jalada, ambalo kwenye zahanati nyingi ndilo faili. La mtu mwenye sonona isiyotambuliwa lina mtiririko wake. Ukurasa wa kwanza: kichwa kinauma, mwili umechoka, kipimo cha malaria, hakuna vimelea. Wiki mbili baadaye Widal (kipimo cha damu cha homa ya matumbo), "typhoid", dozi. Kisha mkojo, "UTI", dozi nyingine. Kisha tumbo linawaka, "vidonda vya tumbo", omeprazole. Kisha moyo unaenda mbio, presha inapimwa, iko sawa. Kisha utrasaundi. Ukurasa wa saba, kwa mwandiko wa daktari wa nne: "apumzike, apunguze mawazo." Hapo ndipo neno la kwanza lililo karibu na ugonjwa linapojitokeza, nalo limewekwa kama salamu za kuagana, bila matibabu wala tarehe ya kurudi.

Hakuna aliyedanganya kwenye daftari hilo. Widal ya mara moja, katika mji ambao watu wengi wamekwisha kukutana na vimelea vya homa ya matumbo, inaweza kusoma chanya kwa mtu ambaye hana homa hiyo. Naye mgonjwa alisema kweli: kichwa kinamuuma. Sonona kwa watu wengi wa hapa huingia kwa mlango wa mwili. Kichwa kizito, mgongo, kifua kubana, ganzi, kuchomachoma, "vitu vinatembea kichwani". Mtu haji zahanati kusema ana huzuni. Huzuni si jambo la kupeleka dirishani.

Gharama za mzunguko huo ziko nje ya daftari kuliko ndani. Kuna duka la dawa na vidonge vya usingizi visivyo na cheti. Kuna nauli za kwenda kwa mganga, kusomewa, maombi ya usiku. Mama lishe asipowasha jiko siku tatu, mtaji wa mchele na mafuta unaliwa nyumbani. Wiki ya marejesho inafika, kikundi kinamlipia kwa kununa, na akikosa tena anaangukia mkopo wa kausha damu. Ukimuuliza chanzo cha mawazo atakutajia deni, na ni kweli deni lipo, ila mara nyingi ugonjwa ulitangulia. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi huondoa siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokana na watu waliopo kazini: fundi anayekata kitambaa mara mbili vibaya, dereva anayepitiliza kituo.

Halafu kuna magonjwa mengine yanayoharibika kwa sababu ya hili moja. Mwenye kisukari, presha au VVU akiwa na sonona, dawa zake anaziruka zaidi. Kliniki inamwandika "mtoro", anaongezewa dozi au anabadilishiwa dawa, na tatizo linabaki palepale.

Kipimo cha majibu ndicho kinachoharibu kwanza

Watu wengi wanaoikosoa karatasi hii wanaanzia kwenye maswali. Tuanzie kwenye majibu, kwa sababu hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Majibu ni manne: hapana kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Sasa lisome la tatu kwa sauti, haraka haraka, kama linavyosomwa kazini: "zaidi ya nusu ya siku." Neno *siku* halibadiliki, iwe moja au kumi na nne. Mgonjwa anasikia: tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Anajibu kuhusu saa, wewe unaandika kuhusu wiki. Neno "hizo" likimezwa, swali limekufa.

Dawa ya kosa hili ni kuhesabu. Baadhi ya matoleo ya dodoso hili yameshaweka idadi: siku 0 au 1 ni alama 0, siku 2 hadi 6 ni alama 1, siku 7 hadi 11 ni alama 2, na siku 12 hadi 14 ni alama 3. Taja mwanzo wa wiki hizo mbili kwa jambo analolikumbuka ("tangu ile Ijumaa ya wiki juzi"), weka vifuniko 14 vya soda mezani na umwambie asogeze vya siku alizosumbuliwa. Kwa mtu asiyesoma, na hata kwa anayesoma, vifuniko vinashinda maneno. Jambo la pili: andika idadi ya siku kwanza, alama baadaye. Anayeandika alama moja kwa moja huwa anakisia.

Maswali, kwa yale yanayostahili kusimamiwa

Swali la kwanza linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Likiulizwa na nesi kijana wa kiume kwa mama mtu mzima, "umekosa hamu?" linasikika kama swali la chumbani. Ataangalia chini, atacheka kidogo, atasema "kawaida tu". Umepoteza moja ya maswali mawili ya msingi ya dodoso. Litaje jambo lenyewe: shughuli za wenzake, kusuka, mpira, redio, kupiga stori barazani. Bado vinamvuta?

La pili ni huzuni na kukata tamaa. Hapa tatizo ni imani. Kukata tamaa, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, kunakaribiana na kumkufuru Mungu. Mtu mwenye adabu hatalikubali neno hilo mbele ya mgeni hata kama linamkaa vizuri. Sikiliza jinsi linavyopita:

"Mama, kwenye hizi wiki mbili umekuwa na huzuni, au kukata tamaa?"

"Hapana mwanangu. Tunamshukuru Mungu, tumeamka."

"Alhamdulillahi. Na moyo, mama? Hauwi mzito, machozi hayaji yenyewe?"

"Aa, hayo ya machozi ni usiku tu. Watoto wakishalala."

"Kila usiku?"

"Ukitoa Jumapili ile alipokuja dada yangu."

Jibu la kwanza ni 0. Jibu la mwisho, kwa kuhesabu vifuniko, ni 3. Mgonjwa ni yule yule na dakika ni ile ile.

Usingizi (la tatu) ligawe: kuchelewa kupata usingizi, kuamka saa nane usiku na kubaki macho, au kulala kupita kiasi. Joto la Februari, mbu, baa ya jirani na zamu ya ulinzi vyote vinaondoa usingizi Dar es Salaam. Dodoso haliulizi sababu, kwa hiyo alama ibaki kama ilivyotoka, ila sababu iandikwe pembeni ili daktari aipime. Uchovu (la nne) vivyo hivyo: anayeamka saa kumi alfajiri Chanika kuwahi Kariakoo amechoka kihalali. Mwulize uchovu wa siku ya mapumziko.

Hamu ya kula (la tano) huchanganywa na uhaba. Swali la kurekebisha ni fupi: "Chakula kikiwepo, unakila?" Mwezi wa Ramadhani uliza kuhusu futari na daku. La sita, kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, linafanya kazi vizuri kuliko yote kwa Kiswahili. Halihitaji msaada, hasa kwa mwanaume mwenye watu kijijini wanaomtegemea. Liulize taratibu na unyamaze.

La saba linauliza kama mtu anashindwa kutuliza akili anaposoma gazeti au kutazama televisheni. Weka kitu anachokifanya kila siku: kuhesabu chenji, kufuata hotuba au mahubiri mpaka mwisho, kukumbuka alichotumwa sokoni. La nane ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, kwenda taratibu kupita kawaida au kutotulia, nalo linadai watu wengine wawe wameliona. Yagawe, chukua lenye alama ya juu, na muulize aliyemsindikiza kama yupo na mgonjwa ameridhia.

Hesabu moja, mezani

Tuchukue mfano wa kutunga: mama lishe wa Buguruni, amekuja kwa maumivu ya kichwa, ni mara yake ya tano. Akiulizwa kwa kusomewa karatasi jinsi ilivyo, majibu yake kwa mpangilio ni 1, 1, 3, 3, 2, 1, 1, 1, 0. Jumla 13. Hiyo ni sonona ya wastani; mipaka ya dodoso ni 5 kwa nyepesi, 10 kwa wastani, 15 kwa wastani inayoelekea kuwa kali, 20 kwa kali, na upeo ni 27.

Kumi na tatu inaonekana imemnasa. Lakini vituo vyenye foleni ndefu hutumia kifupi chake, PHQ-2, yaani maswali mawili ya kwanza peke yake, na kikomo chake ni 3. Yake ni 1 na 1. Jumla 2. Ameruhusiwa, paracetamol mkononi, na karatasi ndefu hakuiona kabisa.

Sasa yarudie yale mawili kwa Kiswahili cha mtaani. La kwanza: "Shughuli siendi siku hizi. Natuma mchango tu." Mapishi ya nyumbani, ambayo ndiyo raha yake, anayafanya kama adhabu, vifuniko tisa. Alama 2. La pili, moyo mzito, vifuniko kumi. Alama 2. PHQ-2 yake sasa ni 4, jumla kuu 15. Kuna zaidi: njia ya pili ya kusoma dodoso hili inataka angalau dalili tano zilizofikia alama 2 (la tisa linahesabika hata likiwa 1), na moja kati yake liwe swali la kwanza au la pili. Mwanzo alikuwa nazo tatu, zote za mwili, bila ile ya msingi. Sasa anazo tano kamili. Hatukumwongezea ugonjwa.

Kwa sababu hii hatuishauri PHQ-2 kama chujio la mapokezi mpaka waulizaji wawe wamefundishwa maswali hayo mawili kwa vitendo. Ni afadhali kuwauliza wachache yote tisa: aliyerudi mara tatu ndani ya miezi mitatu bila kipimo kueleza tatizo, mama mjamzito na aliyejifungua ndani ya mwaka, mwenye VVU, kisukari au kifua kikuu anayekosa dawa, na anayeomba vidonge vya usingizi.

Na kinyume chake, msiogope kusema kwamba karatasi inanasa wasioumwa pia. Katika utafiti wa mwanzo, kikomo cha 10 kilitambua asilimia 88 ya wagonjwa na kuwaacha salama asilimia 88 ya wasioumwa. Inasikika nzuri. Iweke kwenye watu 1,000 ambao kati yao 100 wanaumwa: itanasa 88 wa kweli, na pia 108 kati ya 900 wazima. Zaidi ya nusu ya walionaswa hawana sonona. Hii ni hesabu ya mfano, ila inatosha kueleza kwa nini alama ya 11 si cheti cha ugonjwa. Ni tiketi ya mazungumzo marefu na daktari. Kituo kimoja kikiandika "depression" kwenye kila daftari lililofika 10, kinatengeneza tatizo la pili.

Swali la tisa

Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni heri angekufa, au amewaza kujidhuru. Mambo mawili yenye uzito tofauti yamewekwa kwenye kapu moja. Mzee anayesema "Mungu anichukue tu" anaweza kuwa anazungumza kama wazee wanavyozungumza. Anaweza pia kuwa anakuambia jambo. Karatasi haina namna ya kutofautisha.

Na kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Watu wanalijua hilo hata wasipojua namba ya kifungu, kwa hiyo 0 ya swali la tisa iliyotolewa mbele ya mtu wa tatu haina thamani. Liulize faragha, mlango ukiwa umefungwa, baada ya kumweleza kuwa unamuuliza kila mtu na kwamba unataka kumsaidia. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wahudumu kulirukaruka.

Jibu lolote lililo juu ya 0 linadai maswali manne zaidi, papo hapo: ni kuchoka na maisha au ni kujidhuru? Amepanga namna na siku? Kitu anachofikiria kutumia kiko karibu? Amewahi kujaribu? Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwenda chooni. Apelekwe siku hiyo hiyo akiwa na mtu, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu (Amana, Temeke au Mwananyamala) au Muhimbili, na nyumbani ndugu waondoe dawa, sumu za wadudu na za panya. Jumla ya alama hapa haina maana. Mtu wa alama 8 mwenye mpango ni wa dharura kuliko wa 21 asiye nao.

Karatasi haijaandikwa hata neno moja la hayo. Kama kuna kasoro moja ya kuipunguzia nyota, ni hii. Piga muhuri au andika kwa mkono chini ya kila kopi: "Swali la 9 zaidi ya 0: usimruhusu aondoke, mwite ___", na ujaze cheo cha mtu aliye zamu.

Baada ya namba

Chini ya 5, basi. Kati ya 5 na 9, mweleze hali yake, mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili na urudie dodoso. Dawa za sonona si za kiwango hiki. Kuanzia 10, daktari akae naye. Kabla ya kuandika chochote aulizie mambo ambayo karatasi haiyaoni: msiba wa karibuni (arobaini haijapita?), pombe, damu kidogo, tezi la shingo, ujauzito, na hasa kama amewahi kuwa na siku nyingi za nguvu zisizo za kawaida, bila usingizi, maneno mengi, pesa zikitapanywa. Huyo wa mwisho ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha upande wa pili, kwenye hizo siku za nguvu zilizopitiliza.

Tiba ya mazungumzo iwe ya kwanza inapopatikana. Wagumu kuipata ndio wengi, kwa sababu Dar es Salaam ilihesabiwa na sensa ya 2022 kuwa na watu 5,383,728, na wataalamu wa afya ya akili ni wachache mno. Zimbabwe walilitazama tatizo kama hili na kuwaweka kina bibi waliofundishwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, mradi ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda. Chujio lao halikutafsiriwa kutoka Kiingereza. Lilijengwa juu ya neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Kuna somo kwetu hapo, na tutalirudia.

Dawa zinazopatikana kwa urahisi ni amitriptyline na fluoxetine. Makosa yanafanana kila mahali. Amitriptyline ya 25 mg usiku ni dozi ya kuanzia, na mara nyingi hutolewa kwa ajili ya maumivu. Kwa sonona hupandishwa polepole, na anayeishia 25 hajatibiwa. Fluoxetine ya 20 mg hunywewa asubuhi, ikinywewa usiku huweza kuondoa usingizi. Zote mbili huanza na maudhi (mdomo kukauka na usingizi mzito kwa ya kwanza, kichefuchefu kwa ya pili) siku za mwanzo, wakati nafuu inakuja baada ya wiki mbili hadi sita. Asiyeambiwa hivyo anamaliza karatasi moja ya vidonge, anaona amezidiwa, anaitupa. Akipata nafuu aendelee miezi tisa hadi kumi na miwili, na asiache ghafla. Mwenye alama yoyote kwenye swali la tisa asipewe amitriptyline ya mwezi mzima. Ya wiki moja, na ndugu aishike, kwa sababu ikizidi inaua moyo. Diazepam ya dukani haitibu sonona hata kidogo, na mwili unaizoea.

Hapa PHQ-9 inajipatia heshima yake tena, kwa sababu ni chombo kizuri cha kufuatilia. Kushuka kwa alama 5 ni dalili ya kweli ya nafuu, kushuka kwa nusu ni kuitikia matibabu, chini ya 5 ni kupona. Ila wiki ya pili dodoso liulizwe kwa maneno yale yale na vifuniko vile vile. Nesi wa leo akitumia "hamu" na wa wiki ijayo akitumia "shughuli", hujui kilichobadilika ni mgonjwa au swali.

Wapinzani wake

SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 20 ya ndiyo na hapana, na mengi yanaanzia mwilini. Kwa asiyesoma ni nyepesi zaidi, ila haitofautishi sonona na wasiwasi, wala haifuatilii nafuu vizuri. Kwa waliojifungua kuna ya Edinburgh ya 1987, maswali kumi, ambayo imeacha makusudi dalili za mwili zinazochanganywa na uzazi; kliniki ya mama na mtoto ichukue hiyo. HSCL-25, dodoso la maswali 25 ya wasiwasi na sonona, ni ndefu, ni ya watafiti zaidi.

Ya kuvutia kuliko zote ni ya hapa hapa. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la maswali 19 lililotokana na lugha ya wenyeji wa Dar es Salaam wanapoeleza mateso yao. Hiyo ndiyo njia ya mabenchi ya Zimbabwe: anza na mdomo wa mgonjwa. Inashangaza kwamba kwenye mafunzo ya kawaida ya wahudumu hukuti sana karatasi hiyo, ya Pfizer ndiyo inayogawiwa. Sababu ni za kawaida: PHQ-9 ina mipaka ya alama inayojulikana dunia nzima, ni fupi, na mfadhili anaielewa.

Mwenye kutaka kuianza kituoni kwake, haya ndiyo ya wiki ya kwanza. Kopi hamsini, muhuri wa swali la tisa, vifuniko 14 kwenye kopo. Chumba chenye mlango, hata kama ni stoo ya chanjo. Waulizaji wawili tu, mmoja mwanamke mmoja mwanaume, waulizane wenyewe kwa sauti mara kumi kabla ya kumgusa mgonjwa. Pigeni simu hospitali ya rufaa mjue kliniki ya afya ya akili iko siku gani, muiandike ukutani. Karatasi zilizojazwa zisibandikwe kwenye daftari la mgonjwa: daftari linalala nyumbani, juu ya kabati, na mume au mama mkwe analisoma. Daftarini iandikwe jumla na tarehe ya kurudi tu; karatasi yenyewe ikae kituoni, kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo usining'inie kwenye kitasa.